Machozi ya Bwana Idwal

Bwana Idwal alivua saa yake akamvisha mpika chai. Dereva akapewa viatu vya njumu. Kisha akataka kumkumbatia Mabruka, karani wa ofisi, naye akakimbilia nyuma ya kabati.

"Astaghfirullah! Kapatwa na nini huyu leo?" akauliza Mabruka.

"Furaha," akajibu Nadhir, mkalimani. "Kwao Wales mtu akiipenda kazi yake hugawa vitu."

"Na machozi je?"

"Ndiyo furaha imezidi hiyo, dada'angu."

Mabruka alirudi Omani, nchi ya wazee wake, kutoka Bujumbura na Kifaransa chake. Kiingereza, katika ofisi ile ya michezo ya Nizwa, mwaka ule wa 1981, alikuwa nacho Nadhir peke yake, na alivyokiringia ungesema kakizaa yeye.

Mkataba wa Idwal ulikuwa umekwisha, na Mudiri, mkuu wa ofisi, alimwita aseme kama anabaki au anakwenda zake. Nadhir tangu asubuhi hajatia kitu tumboni. Idwal akiondoka, mkalimani wa nini tena? Itambidi arudi Firq, kwenye gereji ya shemeji yake, akalale chini ya malori, yeye mtoto wa mjini Unguja ambaye hata mnyororo wa baiskeli alikuwa akitiliwa na watu!

Na Idwal mwenyewe, tuseme kweli, alikuwa kituko. Ujanani aliichezea Wales raga, ule mpira wa umbo la papai ambao watu huugombea kwa kuangushana, mpaka masikio yakamvimba kama maandazi. Akaletwa Nizwa asimamie soka asilolijua. Lakini sifa zake, lo! Idwal akisema sentensi moja, Nadhir hutafsiri ligi nzima. Vilabu vikafunguliwa, vikombe vikashindaniwa, na bwana akavishwa nishani kwa maneno asiyoyasema.

Wakaingia kwa Mudiri. Idwal akasema kwa kirefu, mkono kifuani. Alipofika penye habari za mama yake, sauti ikamkatika.

"Anasemaje?" Mudiri akauliza kwa Kiarabu.

Nadhir akajipangusa jasho. "Anasema, ya sheikh, Nizwa imekuwa ndiyo mama yake. Anakuomba, kwa hisani yako, umwongeze miaka miwili."

Mudiri, mtu mkavu asiyecheka hata siku ya Idi, akatoa leso akapenga kamasi.

"Wallahi huyu ndiye mtu! Wengine likiwapiga joto la kwanza tu wanakimbia." Akatia sahihi palepale, akainuka kumkumbatia. Idwal naye akamkumbatia, akacheka, akalia, akacheka tena.

Nadhir akashukuru moyoni. Alhamdulillahi, riziki imepona.

Walipotoka nje, Idwal akamvuta kando, akamshika mabega yote mawili.

"Ahsante, ndugu yangu Nadhir, ahsante sana," akamwambia kwa Kiingereza. "Haya, niambie. Wamesema narudi kwetu lini?"

"Mwakani, inshallah," akajibu Nadhir, bila ya kupepesa macho. "Na safari hii Mudiri ameapa."