Mtandao Ulipopokea Simu ya Msiba

Mtandao mpya ulimpokelea kila mtu simu akiwa kazini, kwa sauti na sura yake mwenyewe. Kwa hiyo Kabula hakuwahi kukosa simu ya nyumbani. Alipopata likizo akarudi Nzega, alimkuta mama yake peke yake, anachambua mchele.

"Mama, baba yuko wapi?"

Mama alimshangaa. "Si tulimzika mwezi uliopita?"

"Mbona hamkuniambia?"

"Nilikupigia mwenyewe, mwanangu. Ukasema kazi imekubana, tuzike tu."

Simu hiyo ilijibiwa na mtandao. Kabula akaangua kilio pale mlangoni. Mama hakuinuka kumshika.

"Unalia nini tena?" alisema kwa uchungu. "Siku ile ulilia vizuri kuliko hivi."