Mfupa Shingoni

Mawe yalikuwa yakidunda juu ya bati tangu asubuhi. Wenye mji hawakutaka sekondari inayofundisha kwa lugha ya watu wa milimani, na leo ndiyo ilikuwa inafunguliwa.

Nambela, aliyeipigania shule hiyo mpaka ikapatikana, aliingia darasani kumwangalia bintiye. Alimkuta amesimamishwa mbele ya wenzake, mgongo unavuja damu, shingoni amevishwa mfupa wa ng'ombe kwa waya.

"Ameongea lugha ya mjini," alisema Mwalimu Kabuje, fimbo mkononi. "Atauvaa mpaka amkamate mwenzake akiongea, amvishe yeye."

Nambela aliujua mfupa wa namna ile. Utotoni aliuvaa katika shule ya mjini, kwa kosa la kuongea lugha ya milimani, na waya wake ukamwachia kovu.

"Lugha ya mjini ndiyo aliyokulia, Mwalimu. Yetu amekuja kujifunza hapa."

"Sisi yao tulijifunza hivihivi."

Jiwe lilipasua dirisha, likaanguka miguuni pa Nambela. Akamvua mtoto ule mfupa, akauweka sakafuni, akauponda kwa jiwe hilohilo mpaka ukawa unga. Mwalimu akainua fimbo. Nambela akasimama, jiwe likiwa juu.

Mwalimu alirudi nyuma mpaka ukutani, kola yake ikafunguka. Shingoni palikuwa na kovu jembamba, limezunguka kama la Nambela.

Nje walikuwa wameanza kuvunja lango. Ndani, jiwe lilikuwa bado juu.