Shati Nyuma ya Mlango

"Kura zikiisha hatuoni hata kisogo chako," mke wa baharia alimtania Garbutt, tajiri wa meli na mgombea ubunge wa mji wa bandari wa Shields, huku akimfutia kiti kwa mikono yenye povu la kufulia.

Garbutt alicheka, kisha akaliona shati nyuma ya mlango, kola imefubaa kwa jasho.

"La mume wangu. Silifui mpaka meli yako itie nanga. Ukifua nguo aliyoiacha baharia, umemzamisha. Si unajua, we mtoto wa hapahapa?"

Alijua. Mama yake naye alishika mwiko huo. Tangu asubuhi alijua pia kwamba meli hiyo imezama na watu wote, na alikuwa amewaamuru makarani wafunge midomo mpaka kura zipigwe kesho.

"Basi niambie, tajiri. Wamefika?"

"Wamefika." Neno lilimtoka kwa wepesi, kama ahadi zake za jukwaani.

Mke wa baharia alilitungua shati, akalikandamiza usoni, akavuta pumzi ndefu.

"Leo unaoga, mzee," akaliambia, akilishusha kwenye beseni.

"Mama, ngoja!"

"Ningoje nini tena?" aliuliza akicheka, maji yakigeuka meusi mikononi mwake.