Chumba cha Ukungu

Wasanii walikijaza chumba cha maonyesho ukungu mweupe pe, na kuta zake ziliimba kila zilipoguswa. Watu walipapasa, wakagongana, wakacheka kama watoto.

Mama mshonaji, aliyeletwa na binti yake, hakubabaika. Aliburuza kidole gumba ukutani, akausikiliza wimbo ukipanda na kushuka, akamshika binti mkono na kumtoa hadi mlangoni, kama mtu aliye sebuleni kwake.

"Mama, we kiboko! Mlango umeuonaje?"

"Mbona hata nyumbani naona hivihivi tu, ukungu mtupu," alijibu, roho yake bado imo ndani ya ule wimbo. "Tangu mwaka jana."

Binti akaacha kucheka. Akakifungua kiganja cha mama yake. Ncha za vidole zilikuwa zimejaa matundu ya sindano.