Kura ya Kaka

Mtu asiyemjua alibisha hodi asubuhi ya uchaguzi, wakati fundi cherehani akifunga kitambaa kichwani ili awahi foleni.

"Dada, nimetoka gerezani jana. Kaka yako kanituma. Anasema ulimwahidi."

Akampa karatasi ya sabuni iliyokunjwa. Ndani, kwa penseli, mliandikwa jina la mgombea mmoja.

Fundi akaketi kizingitini. Ni kweli, alipomtembelea kaka yake alimwambia, "Wafungwa hampigi kura, basi kura yangu nitampigia utakayemtaja wewe." Alidhani anamfariji tu.

"Huyu si ndiye anayetaka kubomoa vibanda vyetu? Kaka anajua nitashonea wapi?"

"Anajua, dada. Aliandika huku analia. Lakini ni huyu pekee anayesema mfungwa naye apige kura." Mgeni akacheka kidogo. "Kule ndani tunahesabiwa kila asubuhi, ila hatuhesabiki."

Kituoni, kalamu ilining'inia kwa uzi. Fundi aliishika kwa vidole vyenye sugu za sindano. Mgombea aliyetetea vibanda alikuwa juu kabisa ya karatasi ya kura, akitabasamu pichani.

Akaiteremsha kalamu hadi kwenye jina la chaguo la kaka yake, akaweka alama.