Friji la Mama Joyceline

"Fundi, limegoma tena!" Zena, msichana wa kazi wa Mama Joyceline, alipaza sauti akiwa bado ng'ambo ya barabara, ili mtaa mzima usikie. "Hilo friji si ulioe tu, yaishe?"

Mafundi wa vibanda vya jirani wakaangua kicheko. Jovin akainama kutafuta bisibisi, na bisibisi alikuwa ameishika mkononi. Hii ilikuwa mara ya nne ndani ya miezi miwili. Kariakoo, fundi anayerudia kazi ileile mara nne haletewi tena hata pasi.

Friji lenyewe lilikuwa la milango miwili, mzigo wa Dubai. Kaka yake Mama Joyceline alilileta mara tu ruksa ya kuagiza vitu kutoka nje ilipotoka. Ukikinga glasi mlangoni, maji baridi yanashuka. Ukibonyeza pembeni, barafu inadondoka. Mtaa wa Pemba mzima hapakuwa na jingine, na ndiyo maana lilikaa sebuleni. Kitu kama hicho hakifichwi jikoni.

Jovin ndiye aliyelivutia mpira mwembamba wa maji kutoka tangi la juu. Siku hiyo alimweleza mwenye nyumba kila kitu, hata ule mkono wa waya ulio juu ya sanduku la barafu: sanduku likijaa mkono huinuka, na mashine huacha kutengeneza barafu. Mama Joyceline, mjane aliyeuza vitenge kwa jumla, aliweka chini kitambaa cha bluu alichokuwa akifuma, akauliza maswali kama mwanafunzi wa dawati la mbele.

Wiki mbili baadaye kitambaa cha bluu kilikuwa kinakaribia kwisha, na barafu ikakata. Jovin alikagua nyuma ya friji, hakuona ubovu. Akasafisha chujio, akatikisa mpira, akakaribishwa mtori. Kesho yake akaletewa habari kwamba barafu inatoka. Hakujua ametengeneza nini. Alichojua ni kwamba amekaa saa nzima mezani na Candida, jina la Mama Joyceline alilolitaja moyoni tu, na amemchekesha mpaka akafuta machozi kwa ncha ya kanga. Jovin hakuwa amemchekesha mwanamke tangu aanze kuota mvi.

Basi akili zikamruka. Tangu siku hiyo, kila alipolirudisha friji ukutani, alihakikisha mpira umekunjika kidogo. Si sana. Kiasi cha maji kwisha nguvu baada ya wiki tatu hivi, na maji yakiisha, barafu nayo basi. Halafu aitwe, aunyooshe, anywe mtori, aukunje tena. Fundi anayejua ubovu ulipo hapotezi muda kuutafuta kwingine.

Ila hesabu zake hazikukaa sawa hata mara moja. Mara ya pili kuitwa, alikuwa amekunja mkunjo wa wiki tatu, Zena akatumwa baada ya siku tano. Mama Joyceline alikuwa ameshaanza kitambaa chekundu. Jovin aliponyoosha mkono afungue mlango wa juu, alizuiwa.

"Huko usifungue, fundi, nyama zangu zitayeyuka. Barafu nitaiangalia mwenyewe."

Mara ya tatu alimkuta na uzi wa kijani, na uso wa mtu aliyeshangaa kwelikweli. "Barafu kukata, sawa," alisema, "lakini safari hii na maji yamekata!"

"Mwite Bhavin wa Kisutu," Zena alidakia kutoka mlangoni. "Yule amesomea."

Jovin aliona wazi siku Bhavin atakapolivuta lile friji na kuuona mkunjo. Aibu ikamshika. Akaweka mpira mpya, akaupigilia ukutani vizuri usikunjike hata ukitaka, akabadilisha na chujio.

"Hili sasa haliharibiki," alisema, na maneno yenyewe yakamchoma.

"Haliharibiki kabisa?"

"Kabisa, mama."

Mama Joyceline alikosea mshono, akaufumua.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Leo Ijumaa, Zena huyo hapo.

Njia nzima Jovin alijipima. Kama friji limekufa kweli, basi yeye si fundi. Kama halijafa, sijui ni nini. Alipiga hodi, akaingia, akakinga glasi mlangoni. Maji yakashuka vizuri, baridi safi. Akachungulia nyuma. Mpira umenyooka kama alivyouacha. Akavua kofia.

"Mama Joyceline, mimi ni mwongo. Ule mpira nilikuwa naukunja mwenyewe, kila nikija, ili uniite tena. Nimekupenda nikashindwa kusema. Ila safari hii, haki ya Mungu, sijagusa kitu, na kinachosumbua sikijui. Mwite tu Bhavin."

Sindano ya kufumia ilisimama katikati ya kitambaa cha njano. Jovin alisubiri afukuzwe, huku mguu mmoja ukiwa tayari umeelekea mlangoni.

"Kumbe maji yalikuwa wewe," Mama Joyceline alisema taratibu.

Halafu akaangalia pembeni, akajifuta uso kwa kanga ingawa hakukuwa na joto.

"Leo fungua huko juu, fundi."

Jovin akafungua. Mkono wa waya ulikuwa umeinuliwa na kufungwa kwa uzi wa njano, fundo zuri la kipepeo. Pembeni yake vilining'inia vipande vya uzi vilivyokatwa kwa mkasi: kimoja cha kijani, kimoja chekundu, na cha chini kabisa, kilichoganda kitambo, cha bluu.