Pepo Ataka Giza

Moshi wa ubani ulishamjaa Bi Hajra puani, na kipandauso kilikuwa kikimtwanga upande wa kushoto kama kisamvu kinuni. Akajigubika kanga, akawalaani kimoyomoyo wote waliomo chumbani.

Wa kwanza Mrisho, mganga aliyeletwa kutoka Kaole. Jitu zima, hirizi shingoni kama mbuzi wa mnadani!

Wa pili mumewe, Shuaibu. Mashine yake ya kusaga ilikuwa nyuma ya ukuta wa chumba cha kulala, ikinguruma kutwa. Maradhi haya yalimwanza Bi Hajra alipovuka sitini, na daktari wa mjini Bagamoyo alisema wazi: kikimpanda, apate giza na kimya. Shuaibu alicheka mpaka akapaliwa.

"Giza na kimya? Hiyo dawa ipo kaburini, tena bure!"

Ndiye huyo. Daktari hamwamini, lakini paka mweusi akimkatia njia, anarudi nyumbani.

Mrisho akatikisa kayamba. "Taireni! Wewe uliyempanda huyu mama, u nani? Wataka nini?"

Bi Hajra akaanza kutetemeka. Sauti nzito ikamtoka, kuku mlangoni wakatawanyika.

"Mimi Subiani wa baharini! Kiti changu, mwili huu ninaoukalia, mnakitesa! Mashine ihame, ikae barabarani huko! Dirisha liwekwe pazia zito! Na atakayepiga kelele kiti changu kikiumwa, nahamia kichwani kwake!"

"Taireni, bwana wangu, taireni!" Shuaibu alishapiga magoti, kofia mkononi. "Inahama leo hii hii!" Akatoka mbio kutafuta wabebaji. Punde mashine ikazimwa.

Chini ya kanga Bi Hajra akabana kicheko, ingawa kilimuuma. Wajinga wawili: mmoja huyo anatimua vumbi, mwingine kabaki na kayamba lake. Naye ataondoka lini, mtu alale?

Mrisho hakuondoka. Alimwagia maji chetezo, moshi ukafa. Akatundika shuka dirishani, akarudi kwa kunyata, akamwinamia sikioni.

"Umesahau la njaa, dada," alinong'ona. "Yule daktari wetu wa mjini hakukwambia usishinde bila kula? Mimi na kipandauso changu, kila nikienda kwake lazima anigombeze. Hebu pandisha pepo tena kidogo, nimwite mumeo."